Naomba ushauri: Clannad niivumilie au niruke vipande?

Habari zenu wakuu. Nimeanza Clannad, ile anime (katuni ya Kijapani) ya studio ya Kyoto Animation ya 2007 iliyotokana na mchezo wa kompyuta wa kusoma hadithi (visual novel) wa kampuni ya Key wa 2004. Yule msichana Fuko alivyokuwa akichonga viti vya pweza (starfish) vya mbao na kuwagawia wanafunzi ili waje kwenye harusi ya dada yake, nililia, wala sioni aibu. Ila utani wa shuleni unajirudia mno, na kila msichana akishamaliza kisa chake anawekwa pembeni. Nilijaribu kurukia After Story, yaani msimu wa pili, nikatoka kapa, nikarudi.

Je, nikikiruka kisa cha Kotomi, mmoja wa wasichana hao, nitapotea huko mbele? Na mliocheza mchezo wenyewe, niuanze huo kwanza au nimalize anime?