Wakala wa bima wa kampuni moja tu, nisaini au nisubiri? Niko Mwanza

DadaWaBuzuruga

Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri kwa wale mnaoijua hii kazi kutoka ndani, wa kusikia kwa jirani pia karibuni ila semeni mmesikia.

Nina miaka 28, nina kibanda cha miamala ya simu Buzuruga karibu na stendi, mwaka wa nne huu. Zamani ilikuwa inalipa ila sasa hivi kila baada ya hatua tatu kuna mwavuli, kamisheni ya mwezi nikitoa kodi ya fremu na bando nabaki na hela ya mboga. Sasa kuna afisa wa kampuni moja ya bima (jina naliacha) huwa anakuja kutoa hela kwangu, kaniona navyoongea na madereva wa Hiace wale wanaokuja wamenuna afu wanaondoka wanacheka, akaniambia dada wewe njoo uwe wakala wetu. Cheti cha COP (kile cha mafunzo ya bima) ninacho, nilisoma mwaka jana kwa hela ya kikoba, kwahiyo kilichokuwa kimebaki ni kampuni ya kunipa uwakala ili nipeleke maombi ya leseni TIRA, mamlaka ya serikali ya bima.

Masharti yao: nauza bima za kwao tu, sigusi za kampuni nyingine. Miezi minne ya mwanzo wananipa laki mbili ya nauli kila mwezi, nakaa kwenye dawati ofisini kwao mjini, baada ya hapo ni kamisheni peke yake. Tageti ni milioni 3 za primiamu, yaani hela wateja wanayolipia bima, kwa mwezi. Upande wa pili kuna ofisi ya dalali wa bima huko huko mjini, rafiki yangu yupo pale, wao wana kampuni nyingi ila hawanipi nauli wala dawati, nilete mteja tugawane.

Mama anasema nisaini kwa sababu "ofisi ni ofisi". Mimi nasita na sijui nasita nini. Mkataba una kurasa 9, nimesoma mbili.

MzeeWaStika

Soma hizo saba zilizobaki kwanza mwanangu ndo urudi hapa.

Sato_Wa_Kukaanga

Dada hongera kwanza kwa COP, wengi wanaanza kuuza kabla hata hawajui bima ndogo inamlipa nani.

Ngoja tupige hesabu maana hiyo tageti naona hujaipigia. Bima ndogo (ile ya kumlipa uliyemgonga tu) ya gari dogo binafsi ni 118,000, hapo laki moja ndo primiamu na 18,000 ni VAT ya serikali, kamisheni yako inatoka kwenye ile laki sio kwenye 118. Tuseme umeandikiwa asilimia 10, hiyo ni elfu kumi kwa gari, na bado kuna kodi ya zuio. Sasa milioni 3 kwa bima ndogo ni magari 30 kila mwezi, gari moja kila siku mpaka Jumapili, na mfukoni ni laki tatu ambayo haijakatwa. Bima kubwa (inayolipa mpaka gari lako mwenyewe) ndo inakuokoa, gari la milioni 20 ukipiga kwa asilimia 3.5 ni laki saba, ukipata nne za hivyo karibu tageti imeisha. Lakini jiulize wenye gari za milioni 20 unaowajua wewe ni wangapi, na wangapi kati yao wamenunua kwa mkopo, maana tangu mabenki yaruhusiwe kuuza bima 2019 gari la mkopo linakatiwa bima palepale dirishani wewe unaletewa habari tu.

Mimi nilianza na shangazi, kaka wawili, mchungaji na gari la shule ya watoto wa dada. Mwezi wa kwanza nikaona hii kazi rahisi kumbe. Mwezi wa tatu ndugu wakaisha 😂

MamaKishiri

Mimi ntakwambia unachosita. Unasita kwa sababu hujui hao wateja ni wa nani.

Nilikuwa wakala wa kampuni moja miaka mitano. Nilikuwa na kaunta buku la bluu nimeandika kwa mkono, namba ya gari, jina, simu, tarehe bima inaisha, na pembeni vitu vyangu mwenyewe kama "huyu apigiwe baada ya swala ya saa saba" au "usimpigie mume, piga mke ndo anatoa hela". Watu 140 na kitu. Hiyo kazi asikudanganye mtu, mwaka wa kwanza unauza ila mwaka wa pili na wa tatu unavuna wale wanaorudi, mtu bima yake inaisha anakupigia mwenyewe, mama nikatie tena, dakika kumi umemaliza. Mwaka wa nne nusu ya kamisheni yangu ilikuwa inatoka kwa watu ambao sijawafuata.

Sasa tukapishana na meneja mpya mambo ya kamisheni kuchelewa, nikaandika barua ya kuondoka asubuhi, saa nane mchana nafungua mfumo nimkatie mtu wa Noah pale Nyegezi, nywila imekataa. Nikadhani mtandao. Nikapiga simu wakaniambia mama wewe si umeondoka. Yule mtu wa Noah kanisimamia anaangalia saa.

Nikahamia kampuni nyingine nikaanza kupigia watu wangu, mwezi wa pili ikaja barua kwamba kwa mujibu wa kifungu fulani wateja wote niliowaandikisha ni mali ya kampuni na nisiwafuate kwa miezi 12. Niliutafuta ule mkataba chini ya godoro, kweli kipo, na saini yangu ipo nzuri kabisa. Yaani wale watu nilikuwa nawachunga ng'ombe za mtu.

Sikuambii usisaini. Nakwambia tafuta hicho kifungu, huwa kinakaa mwishoni mwishoni huko baada ya mambo ya siri na kabla ya saini, pale ambapo mtu ameshachoka kusoma.

Njemu_wa_Igogo

Daah "nachunga ng'ombe za mtu", mama umeniua.

BahariNyasi

Niko Houston ila kwetu ni Nansio, ngoja niongeze kidogo maana huku hii kitu ina jina lake kabisa, "captive agent", na watu wanabishana kila siku. Huku kuna kampuni ya bima State Farm, mawakala wao wanauza za State Farm, ofisi unalipia mwenyewe, wafanyakazi unalipa mwenyewe, bango lina sura yako, ila wateja ni wa kampuni. Siku ukiondoka kuna malipo ya kuondoka kwa masharti yake lakini huwezi kumuuzia mtu wateja kwa sababu sio wako. Allstate wao wakala ameweza kuuza faida ya wateja wake kwa mtu mwingine, mradi huyo mnunuzi kampuni imemkubali. Kote kote ni wakala wa kampuni moja ila siku ya mwisho mmoja anaondoka na kitu cha kuuza mwingine hana. Kwahiyo swali sio kampuni moja au nyingi tu, swali mkataba unasemaje siku ukiondoka.

Njemu_wa_Igogo

Mkuu hapa sio Houston hapa ni Buzuruga, kuna mtu anakata bima kwa sababu trafiki kasimama Mabatini na akivuka tu amesahau kama ana bima. Atauziwa nani huyo.

BahariNyasi

Huyo huyo anayesahau ndo mteja, maana mwakani atasahau tena na wewe ndo utamkumbusha.

AfisaMstaafuNusu

Wote mnawasema vibaya hawa wa kampuni moja ngoja nitetee maana mimi bado nipo humo, mwaka wa saba, na siondoki.

Watu mnahesabu kamisheni tu hamhesabu siku ya ajali. Mwaka juzi mteja wangu Fuso yake ya dagaa ililala kule mbele ya Usagara, saa kumi na moja alfajiri ananipigia analia, dagaa zipo barabarani watu wameshaanza kuchota kwa ndoo. Mimi nikampigia afisa wa madai wa kampuni kwa jina lake, sio namba ya huduma kwa wateja ile ya kubonyeza moja bonyeza mbili, nikamwambia kaka Fuso ya fulani imelala, asubuhi ile ile tukawa na mtu wa kupiga picha kabla gari halijavutwa. Ripoti ya polisi nikaifuatilia mimi, gereji nikasimama mimi. Ililipwa. Haikulipwa haraka, nisiseme uongo, lakini ililipwa, na yule mtu ameniletea Fuso nyingine tatu za wenzake pale mwaloni Kirumba. Dagaa zenyewe hazikulipwa kwa sababu alikatia gari hakukatia mzigo, na hilo nilimwambia siku anakata akasema dagaa haziwezi kupata ajali.

Wa ofisi ya dalali nao wana afisa wao wa madai, sikatai, dalali mzuri anakupigania kweli. Lakini wewe unayeleta mteja mkagawana, siku ya ajali wewe ni nani pale? Mteja atakupigia wewe sio dalali. Na kampuni ukiwa na moja unazijua hati zao mpaka maandishi madogo, ukiwa na kumi utamwambia mtu kitu cha hati nyingine, siku ya madai mnaonana wabaya.

Kingine, usimkatie mtu kwa hela yako. Hili naomba uliandike ukutani. Ataibuka dereva anakwambia dada nikatie leo trafiki wamejaa, Ijumaa nakuletea. Bima haianzi mpaka hela iingie kwa hiyo utalipa wewe kutoka kwenye hela ya miamala. Ijumaa simu haipokelewi. Mimi nina Hiace moja inapita Igoma kila siku imebandikwa stika niliyoilipia mimi, ikinipita dereva anaangalia upande wa pili.

MamaKishiri

Hapo kwenye madai umesema kweli. Na mimi nilikuwa nampata afisa kwa jina. Ila siku nywila ilipokataa yule afisa kwa jina naye hakupokea.

Sato_Wa_Kukaanga

Dada nyongeza, ukiuliza kuhusu kuondoka uliza pia kama kuna bima za maisha humo ndani, zile za walimu wanakatwa kwenye mshahara. Kamisheni ya mwanzo ni nzuri inakuletea wazimu, ila mikataba mingine mwalimu akisitisha makato miezi ya mwanzo ile kamisheni inarudi ilikotoka, unakatwa wewe. Nimemuona mtu Magu anadaiwa na kampuni aliyoifanyia kazi.

Halafu jiandae, kila ukisema bima mtu anadhani ni kadi ya NHIF. Mama mmoja pale mwaloni nilimueleza robo saa bima ya moto wa ghala, mwisho akaniuliza sasa na meno mnalipia?

Na siku ukimpata wa hivyo anayetaka usimuombe akuamini tu. Stika feki zimetembea sana mjini hapa. Mpe simu yake mwenyewe aingie kwenye mfumo wa TIRA aandike namba ya gari aone bima imesoma. Mama huyo huyo alivua miwani, akaipangusa kwa khanga, akaandika herufi moja moja, ikasoma, akaniita mwanangu. Kabla ya hapo nilikuwa "we kijana".

DadaWaBuzuruga

Wabeja sana wote, nimerudi, nimesoma kurasa zote 9 jana usiku kibanda kimefungwa.

Mama Kishiri kifungu kipo, cha 14, baada ya mambo ya siri kama ulivyosema. Wateja wote "ni wa kampuni wakati wote", nisiwafuate nikiondoka, na nisifanye kazi ya bima na kampuni nyingine yoyote Kanda ya Ziwa kwa mwaka mzima baada ya kuondoka. Kanda ya Ziwa yote! Yaani mpaka Bukoba. Kamisheni ya wanaorudi nayo, mwaka wa pili wanapunguza, hiyo afisa hakunitajia.

Leo nimeenda ofisini nimemuuliza. Akacheka, akasema dada hicho kifungu hakijawahi kumsumbua mtu, ni karatasi tu za wanasheria wa Dar. Nikamwambia sawa, kama ni karatasi tu basi futa hapo pa Kanda ya Ziwa tubaki na pale pa kutokuwafuata wateja, na miezi iwe sita, na kamisheni ya wanaorudi iandikwe isipungue. Akaacha kucheka. Kasema atauliza makao makuu, Ijumaa ananijibu.

Kibanda sifungi kwa sasa, mdogo wangu atakaa asubuhi. Dawati lao nalitaka kweli, na huyo afisa wa madai wa kumpigia kwa jina namtaka, sitaki kudanganya. Ila kaunta buku nimeshanunua, nimeliweka nyumbani sio ofisini.

MamaKishiri

😂😂 Mwanangu huyu.

MzeeWaStika

Makao makuu hawajawahi kujibu Ijumaa. Mpigie Jumanne.

Njemu_wa_Igogo

Ukisaini usiposaini mimi bajaji yangu inaisha tarehe 9, namba yangu unayo natoa hela kwako. Na ntalipa siku hiyo hiyo, nimesoma ile ya ukutani.