Volkswagen Beetle 1500 ya 1968: valvu ya silinda 3 inaungua

Swali: Wakuu, valvu ya ekzosi ya silinda 3 imeungua tena. Vizingiti chini ya milango navyo vimeliwa na kutu. Nianzie wapi?

Jibu: Kipoza oili kimekaa ndani ya boksi la feni, kinaikinga silinda 3 isipate upepo wa kuipoza. Angalia raba zinazoziba kuzunguka injini. Zisipokuwepo, feni inavuta hewa ya moto. Tapeti (uwazi wa valvu) weka 0.15 mm, injini ikiwa baridi kabisa. Oili lita 2.5, usizidishe.

Jibu: Kwenye bodi, kata kizingiti cha upande mmoja kwanza. Kabla ya kukata, chomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, bodi ikiwa bado imefungwa boliti kwenye chasisi. Bodi ikilegea, mlango haufungi tena.