Tupeane uzoefu: goti sugu na hawa wataalamu wa kunyoosha viungo

Fundi Marumaru: Wakuu, salaam. Leo nimeshindwa kushuka daladala Mbagala Rangi Tatu. Nimeshika bomba, mguu wa kushoto umegoma, konda anagonga bodi, "Mzee shuka tuwahi!" Mzee mwenyewe nina miaka 44. Kazi ya kupiga magoti sakafuni nimeifanya miaka 19, sasa goti linanidai. Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, nimekula mpaka tumbo linawaka. Kuna jamaa ananishauri niende kwa wale wa kairopraktiki, wanaokubonyeza mpaka unasikia kwa! Mara ya kwanza Sh 70,000, halafu unarudi mara 10. Aliyewahi kuwapelekea goti, si mgongo, GOTI, aje hapa.

Ngedere Mzee: Naweka kigoda. Langu nalo liko njiani.

Mama Wawili: Umenikumbusha mbali. Mwaka juzi tulikwenda Same, milimani huko, kumzika mama mkwe. Usiku wa pili wa matanga, saa nane, nikatoka kwenda choo cha nje, kile cha shimo. Kuchuchumaa nimechuchumaa vizuri. Kunyanyuka sasa, goti la kulia likakataa palepale. Halikunjuki, halirudi. Simu ya kumulikia nimeing'ata kwa meno, mkono mmoja kwenye ukuta wa udongo, jasho linanitiririka na baridi yote ile. Nikaita wifi, kimya. Nikaita tena, nikasikia kikohozi cha kiume. Baba mkwe! Mfiwa mwenyewe, hapati usingizi. Wenye wakwe mnaelewa. Yule mzee hakusema neno. Aligeuka mgongo, akapenyeza bakora yake kinyumenyume chini ya gunia la mlangoni. Nikaishika, akasimama kama mti mpaka nikanyanyuka. Hajawahi kulitaja hadi leo, na mimi nikimwandalia chai simwangalii usoni.

Niliporudi Dar nikaenda kwa mnyooshaji. Mtu mpole, ofisi safi, uti wa mgongo wa plastiki mezani. Akanilaza, akapima miguu, akasema mmoja mfupi, nyonga imepinda, ndiyo inayolionea goti. Kwa, kwa, nikatoka natembea kama bibi harusi. Siku mbili tu. Ya tatu goti ni lilelile. Nilikwenda mara 8, na goti lenyewe sidhani kama alilishika zaidi ya mara 2. Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili, ndicho kilichoonyesha kuwa gegedu la ndani, ule mto wa kati ya mifupa ya goti, limechanika, kipande kimejikunja na kukaba. Wakaingia na kamera kwa matundu madogo, wakakitoa. Kwa hiyo fundi, goti likikwama namna hiyo, usimpe mtu alivute.

Dereva wa Tunduma: Pole mama, ila usiwatie wote kapu moja. Mimi wangu alikuta nyonga imekaza kwa kukalia lori, akanibonyeza mara 3, akanipa na mazoezi ya nyumbani. Mwezi wa pili napanda kabini bila kujivuta kwa mikono.

Nesi wa Zamu: Ni kweli nyonga inaweza kuwa na tatizo, maumivu ukayasikia gotini. Ila kilichokusaidia zaidi nadhani ni hayo mazoezi. Ule mlio si mfupa kurudi mahali pake, ni gesi kwenye ute wa kiungo. Na gegedu lililosagika halioti kwa kubonyezwa. Misuli ya mbele ya paja ikipata nguvu ndiyo inayolipunguzia goti kazi: lala chali, nyoosha mguu, uinue shubiri moja, hesabu 5, ushushe. Na uzito jamani. Ukipunguza kilo 1, kila hatua goti linatuliwa mzigo wa kama kilo 4.

Dereva wa Tunduma: Nesi, goti ni langu au lako?

Kitabu Wazi: Kwa faida ya wengi: fani hii ya kairopraktiki ilianza 1895, Davenport, Iowa, huko Marekani. D. D. Palmer alidai kambonyeza mgongo mfagizi mmoja, Harvey Lillard, aliyekuwa na tatizo la kusikia, akaanza kusikia.

Ngedere Mzee: Kumbe walianza na masikio! Ndiyo maana goti la mama hawakulisikia.

Bibi Bamia: Mnamaliza pesa bure. Bamia 6, loweka usiku, asubuhi kunywa ule ute. Goti linapata grisi.

Kijiwe cha Supu: Bamia mboga hiyo. Kongoro, kila siku, wiki 3.

Nesi wa Zamu: Ute wa bamia unaishia tumboni, hauna barabara ya kwenda gotini. Na mwenye gauti hiyo supu ya kila siku aiogope.

Mke Halali: Nyie! Mume wangu kila Jumamosi, "naenda kunyooshwa goti." Namtolea Sh 50,000 kutoka kikoba changu. Jioni anarudi anachechemea kuliko alivyoondoka, nami namkanda kwa maji ya chumvi. Wiki ya 7 nikapanda boda, nikamfuata. Uwanja wa shule, bonanza la maveterani, bwana yuko golini na bandeji yake, anadaka! Pesa yote mchango wa mbuzi.

Ngedere Mzee: Alifungwa ngapi?

Kijiwe cha Supu: Mliachana? Usituache njiani.

Dereva wa Tunduma: Shemeji, msamehe. Mwanamume naye anahitaji pa kupumulia.

Mama Wawili: Apumulie kwa kikoba chake.

Mke Halali: Tupo. Jumamosi sasa naenda naye, na pesa ya mbuzi naishika mimi. Walifungwa 4.

Nesi wa Zamu: Turudi kwenye goti. Fundi, linakwama au linauma tu? Likivimba ghafla, likawa la moto na wewe una homa, usingoje mtu, hospitali siku hiyohiyo. Na kazini usipige goti juu ya sakafu kavu.

Fundi Marumaru: Halikwami. Linauma, na kwa mbele limejaa kama limebeba yai. Jumatatu naenda kupiga picha, ile 70,000 iishie huko kwanza. Godoro la mtoto la zamani nimeshalikata, nalivaa magotini, vijana saiti wananicheka. Nesi, mguu nimeinua mara 10, paja linatetemeka.

Bibi Bamia, unaziloweka nzima au unakata?