Nguzo zimefika kijijini, mbona jikoni bado ni kuni?

Mleta mada:
Habari za kazi, ndugu zangu. Nimerejea juzi kutoka kijijini kwa mama yangu mkubwa, na kuna jambo ninaloomba kueleweshwa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limetugharimu zaidi ya shilingi trilioni 6, na mitambo yake 9 ina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Mama mkubwa ana mita ya LUKU ukutani, lakini umeme wake unawasha taa mbili na kuchaji simu, basi. Maharage bado anayainjika kwenye mafiga, huku akifuta machozi ya moshi kwa pindo la kanga. Fedha zote hizo zinakwama wapi kabla ya kufika jikoni?

Jibu la kwanza:
Pole na safari. Mimi ni fundi wa kutandaza nyaya majumbani. Serikali hujenga hadi kwenye mita, na kuanzia hapo kwenda ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, lakini nyaya, soketi na ufundi huzidi kiasi hicho mara kadhaa, ndiyo maana wengi huishia kwenye taa.

Jibu la pili:
Naomba kuongezea suala la bei, kwa kuwa ndilo linalowatisha wengi. Mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi, yaani 2.5 kwa siku. Akizidisha, bei hupanda takribani mara tatu. Sasa jiko la koili la wati 1,000 likichemsha maharage kwa saa tatu limekwisha kula uniti 3, kwa sufuria moja tu! Jiko la presha la umeme huivisha maharage hayo hayo kwa chini ya uniti moja, ila bei ya kulinunua ndiyo kikwazo. Kwa maoni yangu, ruzuku ingeelekezwa hapo.

Jibu la tatu:
Nakubaliana nanyi, lakini tusililaumu bwawa. Mgao wa mwishoni mwa 2023 sote tunaukumbuka, na ulianza kupungua baada ya mtambo wa kwanza kuwashwa Februari 2024. Kinachoniumiza ni sisi wa pembezoni mwa miji: tunalima na kuchota maji kisimani kama wanakijiji, lakini kwa kuwa ramani inatuhesabu kuwa mjini, tangu Januari 2022 kuunganishiwa ni shilingi 320,960. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mtaani kwetu wapo ambao hata taa hawajawasha.

Mleta mada:
Nawashukuru sana. Nilikuwa nimekwisha mwekea mama mkubwa fedha za jiko la koili. Nitasubiri mavuno nijazie, nimnunulie la presha, na fundi aanze kwa kumwekea soketi jikoni.