Waandishi wenzangu wa Unguja na Pemba, mna ada na desturi gani mnapotaka kuandika? Tupeane uzoefu

Mchambua Karafuu
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo linanisumbua mwezi wa tano sasa, nimeona nililete kwa watu wanaoandika hadithi na mashairi.

Mie nimekulia Mtambwe, Pemba. Tangu nipo skuli, msimu ukifika kazi yangu ilikuwa kulinda karafuu. Zikishaanikwa juani huendi mbali nazo. Wingu likitanda tu unazikusanya mbio, maana karafuu iliyonyeshewa haina bei. Basi nikikaa pale chini ya mwembe na daftari langu. Usiku ndiyo kuchambua: unashika kishada, unakikandamiza kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Vidole vinanata, na ile harufu haitoki hata ukioga. Hadithi zangu zote za mwanzo nimeziandika hivyo: nachambua, nanawa, naandika.

Sasa nimeolewa, nipo Mwanakwerekwe. Riwaya yangu ina sura sita, ya saba imekataa katakata. Meza ninayo, kompyuta ninayo, mume wangu ananipa nafasi. Nikikaa, hakuna kinachokuja. Nyie mnafanyaje? Na mtu akihama, ada yake huhama naye?

Maalim wa Komwe
Waalaykum salaam mwanangu. Mie ni mtu wa mashairi, na shairi silitungi nimekaa. Nikishasali alfajiri natoka hapa Wete naishika njia ya bandarini, na mifukoni nina komwe 16, zile za bao. Nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, mfuko wa kulia, nane za utao, nusu ya pili, mfuko wa kushoto. Nautamka mshororo pole pole, na kila mizani, yaani silabi, natoa komwe moja. Mfuko ukibaki na komwe, mshororo umepunguka. Komwe zikisha na maneno yapo, umezidi. Jaribu huu:

*Karafuu za Mtambwe, zanukia hadi pwani*

Zinakwisha sawasawa.

Kwa hesabu sizihitaji, sikio langu limeshazoea. Lakini nikiziacha nyumbani, ubeti hauji. Mwaka mmoja nilizipoteza, nikakaa karibu miezi mitatu sina hata mshororo mmoja, mpaka mjukuu wangu akaniokotea nyingine ufukweni. Hazikuwa zile za mwanzo, na mashairi yakarudi. Kwa hivyo nakwambia inahama, lakini mkono upe kazi.

Kijana wa Kikwajuni
Mimi ni daladala. Napanda mpaka Bububu, narudi, simu sikioni kama nazungumza na mtu, kumbe najirikodi mazungumzo ya wahusika wangu. Nyumbani nanakili tu.

Taa ya Kandili
Yangu ilitokana na shida. Wa Unguja mnakumbuka Disemba 2009, umeme ulipokatika kisiwa kizima ukarudi Machi 2010. Nilikuwa na tamthilia iliyotakiwa kwisha mwezi huo huo wa Disemba. Maji hayapandi, friji imezimika, usiku joto la kaskazi halina feni. Nikatoa kandili la bibi, nikalifuta chemni, kile kioo chake, kwa gazeti, nikaandika kwa mkono. Nikagundua kitu: mwanga wa kandili unafika mwisho wa karatasi, hauendi zaidi. Sioni vyombo visivyooshwa, sioni saa ya ukutani. Pana karatasi na mkono wangu tu.

Umeme uliporudi nilijaribu kuandika chini ya taa kubwa, nikashindwa. Mpaka leo nafuta chemni kwanza, ndiyo naanza. Kwa kuwa moshi wa mafuta ya taa unamsumbua mwanangu mwenye pumu, siku hizi nimetia ndani yake kitaa kidogo cha sola. Mwanga si ule, huu ni mweupe na hauchezi. Lakini kufuta chemni ni kule kule, na kazi inakwenda.

Mama Chetezo
Mie baada ya Isha, watoto wakishalala, natia makaa kwenye chetezo, kipande cha udi, nafukiza chumba, kisha najifunga kanga ya marehemu mama yangu. Imechakaa, jina lake halisomeki tena. Wanangu wanajua mama akivaa kanga ile haitwi. Hata mdogo wa miaka mitano anapita kwa ncha za vidole.

Mpita Njia
Dada yangu, kwa heshima: udi, kanga ya marehemu, usiku. Hii haielekei kwenye ushirikina?

Mama Chetezo
Hasha, kaka. Udi siuombi kitu na kanga siiombi kitu. Nguo zetu tunazifukiza kila Ijumaa na hakuna anayeuliza. Mama yangu hakujua kuandika, lakini ngano zote ninazoziandika nimezisikia kwake, amevaa kanga ile, ananisuka nywele. Nikijifunga namsikia anavyopumzika katikati ya sentensi. Ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo mtaji wetu sisi tunaoandika.

Mpita Njia
Nimekuelewa, dada. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Msomaji wa Forodhani
Nimefurahi sana na mada hii, maana haya ni ya waandishi wa dunia nzima. Hemingway wa Marekani alizoea kuandika kwa kusimama. Toni Morrison alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, anapika kahawa, anakunywa huku anatazama mwanga unavyoingia. Maya Angelou akikodi chumba cha hoteli mji ule ule anaoishi, na picha za ukutani akitaka ziondolewe. Nikikusoma wewe, Taa ya Kandili, namkumbuka yeye.

Ila tusiseme bila ada hakuna kazi. Ngũgĩ wa Thiong'o alifungwa Kamiti, na humo gerezani mwaka 1978 aliandika riwaya nzima ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Pale hakuchagua saa wala taa. Na dada Mchambua Karafuu, umeuliza la kuhama. Abdulrazak Gurnah alizaliwa hapa Unguja 1948, akaondoka kijana miaka ya 1960, akaishi Uingereza, na kwenye vitabu vyake bado tunaikuta pwani yetu. Nobeli ya 2021 ameipata kwa kazi alizoziandika mbali na kwao. Mtambwe haijakupotea.

Mchambua Karafuu
Ahsanteni sana. Maalim, lile neno lako la mkono upewe kazi limenikaa. Mie siku zote nilidhani ni harufu. Nimenunua karafuu kavu Darajani, nimezitia kwenye bakuli juu ya meza. Chumba kimenukia vizuri, sura ya saba imekaa pale pale.

Mama Chetezo
Mdogo wangu, nina mikarafuu mitatu Bumbwisudi na wiki hii tunachuma. Njoo Jumamosi uchambue mpaka uchoke. Daftari usilisahau.

Mchambua Karafuu
Nimerudi kuwapa habari. Nilikwenda. Nimekaa kwenye jamvi la Mama Chetezo tangu Alasiri, wanawake wanne na sinia la vishada katikati. Saa nzima nilikuwa nachambua na kusikiliza habari za harusi ya jirani. Kisha, bila kuiita, ikaja sentensi ya kwanza ya sura ya saba. Nikanawa haraka haraka, lakini si sana, kwa hivyo ukurasa ule una alama za vidole. Nimeandika kurasa tatu nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

Kijana wa Kikwajuni
Mashaallah! Na msimu ukisha utafanyaje?

Mchambua Karafuu
Nimeshajaribu. Jana nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikamimina mchele kwenye ungo, kilo mbili, nikawa nautoa mawe na chuya moja moja. Ungo ulipofika nusu nikauweka chini nikachukua kalamu. Mume wangu alipoamka alikuta ukurasa mmoja na nusu, na mchele mchana tumeula haukuwa na hata jiwe moja.