Raifo ya .375 imepasua mti (mbao ya bunduki) nyuma ya ekisheni (kile chuma kinachobeba bolti), gundi inatosha au ni bedingi (kuitandikia ekisheni epoksi ikae sawa kwenye mti)?

Mwindaji_Tabora: Wakuu habari za jioni. Nina raifo ya bolti .375 H&H, mfumo wa Mauser 98, mti wa walnati, namiliki kihalali. Kuna ufa mwembamba umeanzia pale mkia wa ekisheni unapoishia unaelekea panapokaa kidole gumba, halafu risasi zinahama, leo zinagonga pale nilipoizero (nilipoirekebisha darubini) kesho zimepanda juu kulia, nikikaza skrubu za kushika ekisheni kwenye mti zinahama tena. Darubini nimeshabadilisha, maunti (vishikizo vyake) ziko imara. Fundi anasema atie gundi kwenye ufa tu basi. Naombeni ushauri.

Mzee wa Rungwa: Usikubali gundi peke yake, utapasuka tena. Pale mbele chini ya ekisheni, karibu na mtutu unapoingia, kuna jino la chuma, ndo rikoili lagi, lenyewe ndo linapokea teke lote na kulikabidhi kwa mti. Kwenye Mauser 98 limeundwa pamoja na ekisheni, Remington 700 ni bamba lililobanwa kati ya mtutu na ekisheni, Tikka T3 lagi imekaa kwenye mti na ekisheni ina mfereji tu. Sasa mbao ikibonyea nyuma ya lagi, ekisheni inarudi mpaka mkia unagonga mti na unaupasua kama kabari. Hakikisha haina risasi, toa mti, angalia nyuma ya lagi utuambie.

Mwindaji_Tabora: Nimetoa mzee wangu. Upande wa kulia mbao imebonyea na inang'aa, kushoto hakuna alama kabisa.

Mzee wa Rungwa: Basi ndo hapo hapo, lagi inaegemea upande mmoja, kila ukipiga ekisheni inajipinda kidogo.

Bolti98: Mkuu hiyo ni kazi ya bedingi, mpelekee fundi mwenye leseni na umsimamie. Akwangue mbao nyuma ya lagi na chini ya ringi ya mbele (pale ekisheni inaposhika mtutu), ajaze epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) yenye unga wa chuma, siyo ile gundi laini ya dukani. Lagi aizungushie tepu mbele, pembeni na chini, USO WA NYUMA AUACHE WAZI, huo tu ndo unatakiwa kugusa, tepu ikitoka panabaki nafasi. Chuma chote kipakwe nta, matundu yazibwe kwa plastisini, akisahau hilo ekisheni haitoki tena mpaka uvunje mti. Asikaze skrubu kwa nguvu wakati gundi inakauka maana ekisheni itakauka ikiwa imepinda. Nyuma ya mkia aache mwanya kama milimita 1, hapo ndo ufa wako ulipozaliwa. Ufa wenyewe aujaze epoksi kwanza.

Dada Shabaha: Naongezea, kwa .375 mwulize kuhusu lagi ya pili chini ya mtutu na bolti ya chuma inayopita mti kwa upande nyuma ya lagi, bunduki nyingi za kuwindia nyati zinavyo na wewe sijaona umevitaja.

Mwindaji_Tabora: Bolti ya upande sina dada, nitamwambia aweke. Nitajuaje kama kafanya vizuri?

Bolti98: Weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya mti, legeza skrubu ya mbele taratibu. Ukisikia chuma kinanyanyuka, bedingi bado, rudisha.