Naombeni ushauri: nachora katuni ya mtu na makloni yake, wasomaji wanashindwa kuwatofautisha

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mchoraji, nipo Mbagala, mchana nachora mabango ya saluni na maduka, usiku ndo nafanya kazi yangu mwenyewe. Nina katuni ya kisayansi naichora mwaka wa pili huu, inahusu fundi mashua wa Bagamoyo anaitwa Bakari, miaka 45, zinachukuliwa seli zake wanatengenezwa makloni wanne. Utamu wa hadithi ni kwamba tabia hawafanani kabisa, mmoja anaogopa maji, mmoja swala tano, mmoja mkali hagusiki, wa mwisho yeye ni kuimba tu hajui hata kushika tezo.

Sasa nimempa mdogo wangu kurasa 22 za mwanzo asome, kafika ya sita kanirudishia, "kaka huyu anayelia ni nani, si ndo yule aliyempiga mwenzake hapo juu?" Nikatazama nikaona kweli, watu watano sura moja, fremu zenyewe ndogo, na ni wino mweusi mtupu maana kuchapa rangi sina uwezo. Na jamaa yangu mwingine ndo kanimaliza kabisa, anasema kloni ni fotokopi, wakitofautiana basi sio makloni na hadithi yote haina mashiko. Hii kazi naipenda jamani, silali kwa ajili yake. Niwavalishe tu nguo tofauti? Na huyo jamaa yuko sahihi?

Doto_wa_Ziwa
Pole mkuu, huyo jamaa yako hajaishi na mapacha. Mimi ni Doto, Kulwa wangu tumefanana mpaka shangazi yetu anatuchanganya hadi leo, ila yeye anatumia mkono wa kushoto mimi wa kulia, yeye kigugumizi mimi naongea kama cherehani. Kipindi kile cha kusajili laini kwa alama za vidole kila mtu ziliitika zake, maana alama za mapacha hazilingani hata wakiwa wa kufanana. Na sisi tulikaa tumbo moja miezi ileile! Hao wako kila mmoja atakaa tumbo lake, watalelewa nyumba tofauti, kwanini wasitofautiane?

mwl_baiolojia
Doto kasema kweli. Niongezee paka mmoja wa Marekani, Chuo Kikuu cha Texas A&M, alizaliwa Desemba 2001 wakamwita CC. Alikuwa kloni wa paka anaitwa Rainbow mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, CC akatoka hana chungwa hata kidogo. Sababu yake ni kwamba paka jike ana kromosomu X mbili (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) na kila seli inazima moja, ile seli waliyochukua ilikuwa imeizima ile yenye chungwa, ikabaki hivyohivyo. Ila usimpachike Bakari sababu hiyo, mwanaume ana X moja. Kwake tumia mambo mengine, lile yai walilowekea kiini cha seli ya Bakari lilitoka kwa mama gani, maana lina DNA (vinasaba) ya huyo mama kidogo nje ya kiini, alikula nini tumboni, aliugua nini utotoni.

Kuna kosa kubwa zaidi ila naona hujalitaja, hao makloni wako wana umri gani? Kondoo Dolly wa Scotland alitoka kwenye seli ya kiwele ya kondoo wa miaka 6, lakini tarehe 5 Julai 1996 alizaliwa kitoto, akanyonya, akakua kama kondoo wengine. Tena ndo huyo mmoja tu aliyefanikiwa kwenye mayai 277. Kloni hatoki mtu mzima na ndevu zake mkuu.

Wino_Mzito
Mwalimu kakutatulia na tatizo la uchoraji hapohapo. Wape miaka tofauti! Mmoja 25, mmoja 19, mmoja 12, mmoja 6, nani atawachanganya tena? Nguo peke yake haisaidii, mtu akivua shati umepotea. Jaribu hivi, kila mmoja mchore halafu lipake umbo zima wino mweusi libaki kivuli, kama humtambui kwa kivuli rudi kachore upya. Yule anayeogopa maji mabega yawe juu muda wote, mkali asimame miguu imeachana. Kitu kimoja tu wafanane wote hadi mzee mwenyewe, labda masikio, ili msomaji akumbuke ni damu moja.

Mchoraji (mwenye uzi)
Wakuu nimesoma mara tatu hapa. Mimi niliwachora wote miaka 45 kwasababu nilitaka wakae meza moja wabishane kama wanaume, kumbe Bakari kukaa na mwenyewe akiwa na miaka 6 ndo inauma zaidi. Jana usiku nimeanza upya ukurasa wa kwanza, mzee anaranda mbao, mtoto kaokota maranda anayavaa mkononi kama bangili, masikio yamechomoza yote mawili vilevile. Mdogo wangu kaangalia tu akasema huyu ni yeye.

Nimekwama kwenye kiputo cha kwanza cha mtoto. Anamwita mzee nani? Baba? Kaka?

mwl_baiolojia
Kibaiolojia ni pacha wake aliyechelewa kuzaliwa, kwahiyo kaka.

Mama_Zuhura
Mwanangu, mimi nimelea watoto watatu sijawazaa hata mmoja. Mtoto wa miaka 6 hajui seli. Nani anamuogesha, nani anaamka usiku akikohoa? Kama ni Bakari atamwita baba, na wewe mchore Bakari mkono na randa umesimama katikati ya ubao, maana hakutegemea kuitwa hivyo.